Pipa la Maji Nyuma ya Banda la Kuku

Wamuyu alizaliwa Kanja, kwenye miteremko ya Embu, ambako nguo zilizoanikwa asubuhi huanuliwa jioni zikiwa bado na unyevu. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na mfereji uliopita katikati ya migomba mwaka mzima, na utotoni hakuwahi kufikiri kwamba maji ni kitu cha kuwekewa kifuniko. Kisha akaolewa Ruiri, upande wa Meru ambako mlima unauona vizuri lakini mvua yake huipati, na huko akajifunza kuoga kwa maji ya jagi moja.

Mumewe, Salesio Thuranira, alikuwa dereva wa lori la kubeba mchanga, mtu wa maneno machache na mkono mwepesi wa kusaidia. Waliishi boma moja na mama yake, Kathambi, mjane aliyekuwa na jiko lake na nyumba yake ya vyumba viwili upande wa pili wa uwanja. Mtoto wao Lennox alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo siku nyingi bomani walikuwa wanawake wawili tu. Kathambi alimwita Mama Lennox, kama desturi, na Wamuyu akamwita Mama. Hawakuwahi kugombana. Walikuwa wanaheshimiana kiasi kwamba wakati mwingine Wamuyu alitamani wangegombana kidogo, ili wajuane.

Maji ya pale yalikuwa ya aina mbili. Kulikuwa na maji ya kisima cha kikundi, yaliyovutwa kwa mashine na kuja kwa bomba siku za zamu. Hayo yalikuwa na chumvi. Sufuria ya chai ilifanya ukoko mweupe ndani, na sabuni ilikataa kutoa povu. Halafu kulikuwa na maji ya mvua, yaliyokingwa kutoka kwenye paa la nyumba kubwa na kuingia katika tangi jeusi. Maji ya mvua yalikuwa ya kunywa tu. Kiangazi kikiwa kirefu, tangi lilikauka na watu wote wakarudi kwenye chumvi hadi Mungu akumbuke.

Wamuyu alifanya kazi katika shamba la maua lililokuwa mwendo wa gari kutoka nyumbani. Basi dogo la shamba lilimchukua alfajiri pale barabarani na kumrudisha alasiri. Kazi yake ilikuwa ndani ya grinihausi, ile nyumba ya plastiki ya kukuzia maua, kukagua mipira ya dripu, ile mipira myembamba inayodondosha maji kwenye shina la kila ua. Aliijua vizuri. Akisikia tu namna maji yanavyopita, alijua ni tundu lipi limeziba.

Siku moja msimamizi wake, mwanamke wa kutoka Muthara aliyeitwa Purity, alimwita kwenye kona ya grinihausi ambako palikuwa na vyungu vya plastiki vilivyorundikwa tayari kutupwa. Ndani ya vyungu hivyo kulikuwa na mimea ya ajabu. Majani yake yalikuwa yamejikunja kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa, yamesimama wima, yana mishipa myekundu kooni na kifuniko kidogo juu. Chini kabisa ya kila faneli kulikuwa na maji, na ndani ya maji kulikuwa na nzi waliokufa.

"Ililetwa ya majaribio," Purity akasema. "Wenyewe wameona haitauzika. Chukua ukitaka, la sivyo inaenda kwa mboji."

"Inakula nzi?"

"Inakula nzi, nyigu, hata buibui. Wanaingia kunusa utamu, wanateleza, hawatoki. Lakini sikia, usiiwekee mbolea. Na usithubutu kuipa maji ya kisima. Chumvi inaiua. Inataka maji ya mvua tu, na inataka miguu yake ikae ndani ya maji siku zote. Hiyo ni mimea ya kinamasi."

Wamuyu alivitazama vile vyungu kwa muda. Maneno hayo ya kinamasi ndiyo yaliyomshika. Alivibeba vyote nyumbani ndani ya gunia, akivikumbatia mapajani.

Kathambi alitoka jikoni kwake kuja kuona. Aliinama akachungulia ndani ya faneli moja.

"Ni dawa ya nini?"

"Si dawa, Mama. Ni maua tu."

"Na yanaliwa?"

"Yenyewe ndiyo yanakula."

Kathambi alicheka hadi akashika kiuno. Wamuyu alikuwa hajawahi kumsikia akicheka namna ile, na akacheka naye.

Mwanzoni alimwagilia kwa kikombe. Alivipanga vyungu ndani ya karai pana na kulijaza maji ya mvua, lakini jua la Ruiri lilikuwa kali. Akirudi kazini alikuta karai limebaki na tope tu na vifuniko vimekunjamana kama karatasi iliyochomwa. Mimea miwili ikafa. Ndipo alipoamua kutengeneza mfumo wa kujimwagilia wenyewe.

Alianza na chupa ya soda iliyopinduliwa kichwa chini ndani ya karai. Ilimaliza maji haraka na upepo ukaiangusha. Akajaribu mpira wa dripu uliounganishwa na ndoo, vipande alivyoruhusiwa kuchukua kwenye rundo la takataka za shamba. Dripu haikujua kusimama. Ilidondosha karai likiwa limejaa, na maji ya mvua yakamwagikia kuku. Wamuyu aliyatazama yale maji yakizama ardhini akahisi kama amemwaga maziwa.

Jibu alilipata chooni, nyumbani kwa jirani aliyekuwa akibadilisha choo cha kuvuta maji. Lile boya la ndani, linalopanda na kushuka na kufunga maji likifika juu, lilikuwa limetupwa nje pamoja na mkono wake. Aliliomba. Alikata mkono wa boya, akalifunga kwenye ukingo wa karai kwa waya, akajaribu, akakata tena. Likakaa. Maji yakipungua, boya lilishuka na kufungua njia. Yakirudi mahali pake, boya lilipanda na kufunga.

Kisha akaweka pipa la bluu juu ya mawe nyuma ya banda la kuku, akalifunika kwa gunia ili mwani usiote, na akapigilia mfereji wa mabati kwenye paa la banda ili mvua iingie humo. Mahali ambapo maji yaliingilia mpira wa kwenda kwenye karai alifunga soksi kuukuu ya Lennox kama chujio, kwa sababu vumbi lilikuwa linaziba tundu. Juu ya karai akatandika kipande cha neti ya kivuli.

Ilimchukua majuma mengi ya alasiri. Salesio alipokuwa nyumbani alimshikia ngazi. Siku mfumo ulipofanya kazi bila kuguswa, Wamuyu alikaa juu ya jiwe akasikiliza. Tone, kimya, tone, kimya. Hakuwa na kitu kingine katika boma lile ambacho alikuwa amekifikiria mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nyumba aliikuta, jiko alilikuta, hata ng'ombe alikuta na majina yao. Mimea ikatoa majani mapya, marefu, yenye koo jekundu kama damu ya njiwa, na watu wakitoka kanisani walipita kuyaona.

Mwaka huo mvua za vuli zilikuwa haba. Zilinyesha vizuri juma moja, zikakatika. Kufikia Januari tangi jeusi lilikuwa likitoa mlio wa utupu ukiligonga katikati. Kufikia Februari ulisikia utupu hata ukiligonga karibu na chini.

Kathambi naye alikuwa ameanza kuumwa mgongo na ubavu. Daktari wa zahanati alimwambia ni vijiwe vya figo. Alimpa vidonge, akamwambia anywe maji kwa wingi, na kama inawezekana asinywe ya chumvi. Wamuyu alikuwa naye chumbani siku ile. Aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake mwenyewe, na akaitikia kwa kichwa.

Jumamosi iliyofuata alikwenda nyuma ya banda akakuta pipa limepungua sana. Paa la banda lilikuwa dogo, na mvua haikuwepo. Karai lilikuwa bado na maji, lakini alijua hesabu yake: pipa likiisha, mimea ingekaa kidogo tu kisha ikauke yote. Alisimama pale akiwa na mtungi mkononi. Kathambi alikuwa ameenda kuwatembelea wagonjwa na akina mama wa kanisa. Salesio alikuwa safarini.

Wamuyu alikwenda kwenye tangi jeusi, akafungua koki, akajaza mtungi. Akaumimina ndani ya pipa la bluu. Akarudi tena, na tena. Alijiambia kwamba ni kidogo tu. Alijiambia mvua za Machi ziko karibu, na kwamba hata wakiacha maji hayo yalipo, yangeisha tu siku chache baadaye. Alipomaliza, alifunika pipa kwa gunia na kufagia mahali maji yalipodondoka kati ya tangi na banda. Kufagia huko ndiko alikokuja kukukumbuka kuliko yote, kwa sababu mtu asiyefanya kosa hafagii matone ya maji.

Siku chache baadaye koki ya tangi ilikohoa, ikatoa kutu, ikanyamaza.

"Ya mvua yameisha?" Kathambi aliuliza akiwa amesimama mlangoni na jagi lake.

"Yameisha, Mama."

"Haya. Tuko mikononi mwa Mungu."

Akageuka, akaenda kuchota ya kisima. Wamuyu alimtazama mgongo. Ulimi wake ulikuwa umejibu kabla yeye hajaamua kujibu, na sasa neno lilikuwa limeshatoka na limekaa pale uwanjani kama mtu. Alijitetea moyoni: aliulizwa kuhusu tangi, na tangi lilikuwa limeisha kweli. Maji ya pipa yalikuwa ya banda la kuku, yana mavi ya ndege, si ya kunywa na mgonjwa. Lakini mengi ya maji yaliyokuwa ndani ya pipa hayakuwahi kupita kwenye paa la banda. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyabeba.

Alianza kuchemsha maji ya kisima na kuyapooza kwa ajili ya mama mkwe wake. Alikamulia ndimu ndani yake. Alimpelekea uji mwepesi. Alikuwa mwema kuliko alivyowahi kuwa, na Kathambi akawaambia wanawake wenzake kwamba mkaza mwana wake wa Embu ni baraka. Peninah, mwenyekiti wa akina mama, alimrudishia Wamuyu sifa hizo kanisani, na Wamuyu akajifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba.

Jambo ambalo hakulijua ni kwamba Kathambi hakuwa akinywa. Alikuwa akipokea kikombe, anakinyanyua mdomoni, anakiweka. Chumvi ile pamoja na dawa vilimtia kichefuchefu. Maji mengi alikuwa anawapa kuku.

Na wakati huo wote mfumo ulifanya kazi. Hilo ndilo lilikuwa baya lake. Kama Wamuyu angekuwa anamwagilia kwa kikombe, kila siku angelazimika kuchota, kuinama, na kujua anachofanya. Lakini alikuwa ameamua mara moja tu, na baada ya hapo boya liliamua kwa niaba yake, mchana akiwa kazini, Jumapili akiwa anaimba.

Ilikuwa Jumapili Kathambi alipoanguka. Ibada ilikuwa imekwisha, watu wanasalimiana nje kwenye jua. Alikuwa akiongea na Peninah, akasema, "Ngoja nikae," na hakuna kiti kilichokuwepo. Akaenda chini taratibu kama nguo inayoteleza kutoka kwenye kamba. Midomo yake ilikuwa imepasuka na ulimi mkavu. Salesio, ambaye kwa bahati hakuwa safarini siku hiyo, alimbeba mikononi hadi kwenye gari la mchungaji, na wakampeleka hospitali mjini Meru.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye macho ya kuchoka. Aliwaambia figo zimepata shida, vijiwe vimeziba njia upande mmoja, na mwili umekosa maji kwa muda mrefu. Kathambi alikuwa tayari amewekewa dripu mkononi.

"Nyumbani anakunywa maji kiasi gani kwa siku?"

"Ninampa," Wamuyu akasema. "Ninachemsha. Ninampelekea."

"Ya wapi?"

"Ya kisima. Ya chumvi kidogo."

"Hakuna mengine?"

Salesio alijibu kabla yake. "Ya mvua yaliisha, daktari. Kosa ni langu. Ninapita mjini kila siku na lori, ningeweza kumletea maji safi, sikufikiria." Aliinamisha kichwa, akaweka mikono yake mikubwa juu ya uso. "Ni mama yangu na sikufikiria."

Wamuyu alikuwa amesimama karibu naye, kiasi kwamba bega lake liligusa la mumewe. Alifungua mdomo. Nesi akapita akisukuma kitanda, daktari akaitwa, na ile nafasi ikapita. Au aliiacha ipite. Baadaye, kila alipoikumbuka, hakuweza kujidanganya kwamba ilikuwa fupi mno.

Alasiri hiyo alirudi Ruiri kuchukua nguo za mgonjwa na kufungia kuku. Boma lilikuwa kimya. Alikwenda nyuma ya banda. Karai lilikuwa limejaa hadi kwenye alama. Mimea ilikuwa mizuri. Majani matatu mapya yalikuwa yamefungua vifuniko siku hiyo hiyo, mekundu, yaking'aa, na nzi alikuwa akitembea kwenye ukingo wa mojawapo akijipangusa mikono. Tone, kimya, tone.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kulipiga karai teke. Alikaa juu ya jiwe badala yake, akalia kwa sauti, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumsikia. Kisha akaondoa gunia, akachota maji ya pipa, akayachuja kwa kitambaa safi, akayachemsha kwa jiko la kuni hadi yakatokota vizuri, akayapooza na kujaza mitungi miwili midogo. Asubuhi akayapeleka hospitali.

Kathambi alikuwa ameketi, ameegemea mto, mdogo kuliko alivyokuwa nyumbani. Salesio alikuwa ametoka kwenda kutafuta dawa. Wamuyu alimimina kikombe, akamshikia. Mama mkwe alikunywa funda moja, akasita, akakitazama kikombe. Akanywa hadi mwisho bila kupumzika.

"Haya ni ya mvua," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Mvua imenyesha nyumbani?"

Hapo palikuwa na njia rahisi. Angeweza kusema amenunua, au ameyaomba kwa mtu wa juu mlimani, au ndiyo, imenyesha. Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mama mwingine aliyegeukia ukuta. Wamuyu aliweka kikombe chini.

"Hapana. Ni ya pipa. Ya maua yangu." Kisha, kwa kuwa alijua hapo bado angeweza kujificha, akaongeza, "Na si ya paa la banda. Nilichota kwenye tangi, tangi la kunywa, siku ulipokwenda kwa wagonjwa. Daktari alikuwa ameshatuambia kuhusu chumvi. Nilichota nikijua."

Kathambi aliangalia mapajani pake. Vidole vyake vilikuwa vinanyoosha mkunjo wa shuka, ukirudi anaunyoosha tena.

"Nilijua kuna maji pale," akasema mwishoni. "Ninalala mchana siku hizi, mgongo ukiuma. Dirisha langu liko upande ule. Nilikuwa nayasikia yakidondoka."

Wamuyu akamwinamia. "Mbona hukuniambia? Mbona hukuchota, Mama? Ni boma lako."

"Sijui." Alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa swali kwa mara ya kwanza. "Nilifikiri nitakuomba. Kila siku nilifikiri, leo akirudi nitamwomba. Halafu unakuja na uji, unaniuliza nimelalaje. Na nikawaza, kitu hiki amekitengeneza kwa mikono yake. Tangu aje hapa sijamwona na kitu chake. Nikiomba maji yale, nitakuwa nimemwomba kila kitu."

"Ungeomba."

"Na wewe ungesema."

Ilisemwa kwa upole, lakini ilisemwa. Wamuyu alipiga magoti kando ya kitanda akasema naomba msamaha, akalisema kwa Kiembu, kwa sababu Kiswahili na Kimeru vyote vilikuwa vimemkimbia. Kathambi aliweka mkono kichwani pake. Mkono ulikuwa mwepesi na mkavu.

"Usimwambie Salesio," akasema. "Hana haja ya kujua haya."

Maneno hayo yalikuwa zawadi, na Wamuyu aliyabeba kwa siku kadhaa kama mtu aliyepewa mzigo mwingine juu ya ule wake. Salesio alikuwa akinunua maji ya chupa kila siku, akiyapanga kando ya kitanda cha mama yake, na kila chupa ilikuwa ni kujilaumu. Siku Kathambi aliporuhusiwa kwenda nyumbani, baada ya kumlaza na kumfunika, Wamuyu alimfuata mumewe uwanjani alikokuwa akiosha kioo cha lori, akamwambia yote, pamoja na kufagia yale matone.

Salesio aliendelea kuosha. Alimaliza upande mmoja wa kioo, akakamua kitambaa.

"Pale hospitali," akasema, "nilipokuwa ninajilaumu mbele ya daktari. Ulikuwa umesimama karibu nami."

"Ndiyo."

"Ukanitazama."

"Ndiyo."

Hakupiga kelele. Wamuyu alikuwa amejiandaa kwa kelele. Salesio alikwenda nyuma ya banda, akasimama mbele ya karai muda mrefu, mikono mfukoni, akilitazama boya likishuka na kupanda. Kisha akaingia ndani kulala bila kula. Kwa majuma mengi aliongea naye mambo ya lazima tu: ng'ombe, karo ya Lennox, mlango. Alikuwa na haki, na Wamuyu hakujaribu kumharakisha.

Yeye aliamua kuing'oa mimea yote. Jumamosi moja alichukua panga na gunia, akaanza kukata waya za boya. Kathambi, aliyekuwa anajifunza tena kutembea uwanjani kwa fimbo, akaja akasimama nyuma yake.

"Unafanya nini?"

"Ninaitupa, Mama. Siwezi kuitazama."

"Na mimi nitakuwa nani?" Kathambi aliuliza, na safari hii sauti yake ilikuwa na ukali. "Watu watauliza maua yale yako wapi, nawe utasema niliyatupa kwa ajili ya mama. Sitaki yafe kwa ajili yangu. Ukitaka kujiadhibu, jiadhibu na kitu kingine. Mimi usinitie humo."

Wamuyu alisimama na panga mkononi. Hakuwa amewahi kugombezwa na mwanamke huyu, na ajabu ni kwamba kifua chake kilipata nafasi kidogo.

"Basi nifanye nini?"

"Mimi si mtu wa maua. Fikiri. Wewe ndiye uliyejua kutengeneza kitu hicho."

Alifikiri. Mwezi uliofuata, likizo yake ya kazini ilipofika, aliipakia mimea ndani ya masanduku ya nyanya na kuipeleka Kanja kwa kaka yake Munyi. Mvua ilikuwa ikinyesha alipofika, ile mvua nyembamba ya huko isiyo na haraka. Munyi alimwonyesha mahali ambapo maji ya mfereji yalituama chini ya migomba, pakawa na matope meusi mwaka mzima.

"Na mipira? Na boya?" kaka akauliza. "Uliniambia kwa simu kuna mashine."

"Hapa haihitajiki."

Waliipanda pamoja, miguu ikizama. Wamuyu alidhani angepumua akishaiacha pale. Alipomaliza kuosha mikono aliiona imesimama kwenye matope, imelowa, haimhitaji mtu yeyote, na mawazo yake yote yalikuwa kwamba Ruiri bado mvua haijashuka, na kwamba kwa mkono wake alikuwa amechukua maji mahali yasipokuwepo kuwapa viumbe ambao nyumbani kwao yapo ya kumwagika. Alikaa kwa kaka yake siku mbili badala ya juma.

Mvua ya Ruiri ilikuja mwishoni mwa Aprili. Kufikia hapo pipa la bluu lilikuwa limeoshwa na kuhamishiwa ukutani kwa Kathambi, chini ya paa lake mwenyewe, likiwa na kifuniko cha kufungwa kwa kufuli na koki ndani ya jiko lake, na ufunguo ulikuwa kwake. Kazi hiyo Wamuyu aliifanya peke yake hadi ngazi ilipoanza kuyumba. Salesio akatoka ndani akaishika. Aliishika hadi mwisho wa kazi.

Kathambi hakupona kabisa. Figo moja ilibaki dhaifu, na kila baada ya muda walikwenda Meru kupimwa. Alikunywa maji yake kama alivyoagizwa. Wamuyu akitoka kazini alipita kwanza kwa mama mkwe wake, anakaa jikoni kwake, wanamenya viazi pamoja na kuongea, na sasa walikuwa wanaongea kweli, wakati mwingine wanabishana. Lakini kila Kathambi aliponyanyua kikombe, macho ya Wamuyu yalinyanyuka pamoja nacho.

"Wamuyu," mama mkwe alimwambia siku moja, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. "Acha kunitazama nikinywa. Unanifanya nisahau kumeza."

"Samahani, Mama."

"Nimekunywa. Umeona nimekunywa. Leta hicho kisu, hiki changu hakikati."

Wamuyu akampa kisu chake, akachukua kile kibutu, akainamia kiazi chake na kujilazimisha kutazama maganda tu. Alimsikia akimeza, na akangoja asikie tena.